Mgongo wa bango husema zaidi kuliko uso wake

Soko la vitu vya kale huamka kabla ya jua. Wauzaji wakiwa bado wanashusha mizigo gizani, wanunuzi wazoefu tayari wanapita katikati ya meza, tochi mkononi, wakichungulia masanduku ambayo hayajafunguliwa yote. Mimi ni mmoja wao kwa miaka mingi sasa. Ninawinda vitu vya aina mbili ambavyo kwangu ni ndugu wa tumbo moja: kumbukumbu za pikipiki za zamani na kumbukumbu za sinema. Mabango, beji za matangi, taa, spidomita, picha walizopewa waandishi wa habari.

Watu huniuliza ninajuaje kilicho halisi. Ninakigeuza. Uso wa kitu ulitengenezwa upendeze, na anayeghushi humalizia nguvu zake zote hapo. Mgongo, kingo na matundu ya skrubu havimshughulishi.

Nianze na mabango ya filamu, kwa kuwa huko ndiko wengi wanakopoteza fedha. Bango la kawaida la Marekani lilikuwa na inchi 27 kwa 41 hadi katikati ya miaka ya 1980, kisha likawa 27 kwa 40. La Uingereza limelala kwa upana, inchi 40 kwa 30. Kwa hiyo cha kwanza kutoka mfukoni mwangu ni futi ya kupimia. Nakala za kisasa nyingi ni 24 kwa 36, kwa sababu fremu nyingi zinazouzwa leo zina kipimo hicho. Baada ya kupima natafuta mikunjo. Zamani mabango yalipelekwa kwenye kumbi za sinema yakiwa yamekunjwa, na mistari ile haifutiki. Bango la miaka ya 1950 lililonyooka kabisa linaweza kuwa halisi, ila hapo ninauliza maswali mengi zaidi.

Kisha ninashuka kwenye ukingo wa chini. Mabango mengi ya Marekani kuanzia miaka ya 1940 yana namba ndogo pale: tarakimu mbili za mwaka, mkwaju (/), halafu namba ya filamu yenyewe. Ukiona herufi R imetangulia mwaka, ujue filamu ilikuwa imerudishwa kumbini, na bango hilo si la mara ya kwanza. Nimewahi kukuta R hiyo imefichwa chini ya ukingo wa fremu. Tangu siku hiyo sinunui bango lililo ndani ya fremu mpaka litolewe.

Lenzi ya mkononi humaliza ubishi mwingi. Ielekeze kwenye yale majina madogo ya waigizaji na mafundi. Katika bango halisi lililochapwa kwa mashine ya ofseti, picha huwa na nukta lakini maandishi kwa kawaida ni wino uliojaa, wenye kingo safi. Nakala iliyopigwa kutoka kwenye picha ya bango jingine ina nukta hadi ndani ya herufi. Ninabeba pia tochi ya mwanga wa urujuanimno. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo bango linalodaiwa kuwa la miaka ya 1930 halafu likawaka buluu chini ya tochi hiyo lina jambo la kueleza. Lile giza la alfajiri hapo linanisaidia.

Lakini vifaa havitoshi bila historia. Kuna filamu ya mwaka 1953, The Wild One, ambamo mwigizaji Marlon Brando anaendesha pikipiki ya Triumph Thunderbird. Uingereza ilihofia magenge ya vijana wa pikipiki, na bodi ya udhibiti wa filamu ikainyima cheti cha kuonyeshwa hadi 1967. Siku moja nilionyeshwa bango la Uingereza la filamu hiyo, lile lililolala, likinadiwa kuwa la 1954. Sikuhitaji lenzi. Nilimweleza muuzaji habari hiyo kwa upole, naye akabadilisha kikaratasi cha bei palepale. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, ya miaka ya 1960, na nikaichukua.

Kwenye mabango ya enameli ya kampuni za pikipiki na vilainishi, vidole ndivyo vinavyosoma. Enameli ni unga wa kioo uliochomwa juu ya bati la chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, rangi moja baada ya nyingine, ndiyo maana ukipitisha kidole unahisi vijingazi pale rangi zinapokutana. Bati lililochapwa tu ni laini kote. Angalia matundu. Bango lililokaa ukutani miaka 40 lina alama ya duara ya washa, kile kipete kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu, na kutu iliyotambaa polepole chini ya kioo. La kughushi limegongwa nyundo kuzunguka matundu na kutu yake ni ya rangi moja, kama iliyopakwa kwa brashi.

Spidomita napenda zile za Smiths Chronometric. Ndani yake mna mtambo kama wa saa, na mshale wake haupandi kwa ulaini; unaruka hatua kwa hatua. Zungusha mhimili wa nyuma uone. Usikubali kuambiwa kuwa kuruka huko ni ubovu.

Mikanda ya filamu ni tahadhari tupu. Filamu ya nitrati, iliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikishika moto haizimiki hata ndani ya maji. Kama ukingoni hakuna neno SAFETY (usalama), na mkanda unanata au umeanza kuwa unga wa kahawia, usiupeleke nyumbani.

Na vyeti vya uhalisi? Cheti ni karatasi, nacho kina mgongo wake. Mwaka 2014 pikipiki iliyodaiwa kutumika katika filamu ya Easy Rider ya 1969 ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 1, huku wajuzi wakibishana kama ndiyo yenyewe. Pikipiki nyingine nayo ilikuwa na dai hilohilo. Kama hilo hutokea kwenye mnada mkubwa, itakuwaje kwenye meza ya kukunja?

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ukutani kwangu ni picha ya inchi 8 kwa 10 ya mruko wa pikipiki katika filamu ya The Great Escape ya 1963. Muuzaji aliiandika jina la Steve McQueen, nyota wa filamu hiyo, na bei ilifuata jina. Niliigeuza. Nyuma, kwa penseli iliyofifia, mtu alikuwa ameandika "Ekins". Aliyeruka ua ule ni Bud Ekins, rafiki yake McQueen. Nililipa bei ileile bila kupatana, na nimeitundika kwa fremu ya vioo viwili, ili mgongo usomeke.