Mwasumini ukilegeza majani: tunayoamini na yaliyo kweli

Nyumba nyingi za pwani zina mwasumini, ama ukutani uani ama ndani ya debe kibarazani. Asumini huchumwa jioni zikiwa bado tumba, zikatungwa vikuba au zikatandazwa kitandani zifunguke usiku. Ndiyo maana majani yakilegea nyumba nzima huingiwa na wasiwasi, na kila anayepita huacha dawa yake. Mwasumini wangu wa kwanza ulikufa kwa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa maji. Kila nilipouona umeinama niliumwagilia, nao ukazidi kuinama. Siku nilipoung'oa, mizizi ilitoka myeusi na laini, inanuka kama mtaro.

"Majani yamelegea, basi una kiu"

Jani husimama kwa sababu seli zake zimejaa maji, kama mpira unavyosimama kwa upepo. Maji yakipungua, jani linalala. Mpaka hapo tunasoma sawasawa. Tunakosea pale tunapodhani kwamba maji yakipungua kwenye jani yamepungua pia udongoni. Kati ya udongo na jani kuna mizizi, na mara nyingi tatizo liko hapo.

Mizizi inapumua. Udongo ukilowa siku nenda siku rudi, hewa iliyokuwa katikati ya chembe zake hufukuzwa na maji, mizizi hukosa oksijeni na huanza kufa. Kisha vimelea vya udongoni vinavyopenda majimaji, kama Phytophthora, huimalizia. Mmea unabaki na kiu huku umesimama ndani ya maji, na kwa mbali dalili zake zinafanana na za ukame. Ukiumwagilia tena, unaongeza kilekile kinachouua.

Kwa hiyo kabla ya kushika keni, chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Juu panaweza kuwa pakavu kabisa na chini pakawa tope. Kama uko kwenye chungu, unyanyue: chungu kilicholowa ni kizito, na baada ya wiki moja mikono yako itakuwa imezoea tofauti. Liangalie na jani lenyewe. La kiu halisi huanza kulegea, kisha hukauka na kukatika likibanwa. La mizizi iliyooza hubaki tepetepe, mara nyingi hugeuka manjano, na huanguka lingali laini.

Ukikuta chini kumelowa, acha maji. Mwasumini wa chungu utoe, ukung'ute udongo, uitazame mizizi. Mizima ni migumu kidogo, myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, na ukiivuta ganda lake linachomoka likaacha uzi katikati. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, punguza matawi kiasi cha theluthi ili mizizi iliyobaki isielemewe, kisha pandikiza kwenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga na mboji iliyoiva. Uweke kivulini. Mwagilia mara moja, halafu subiri kidole kikuambie.

"Umelala mchana, umwagilie sasa hivi"

Saa saba ya jua kali, jani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Mmea wenye afya utalegea kidogo na jioni utasimama wenyewe. Wakati wa kupima ni alfajiri. Mwasumini uliolala saa kumi na mbili asubuhi, baada ya usiku mzima wa kupumzika, huo una tatizo la kweli.

Wapo pia wanaokataza kabisa maji ya mchana kwa hoja kwamba matone hukusanya jua kama kioo na kuunguza majani. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilichapisha jaribio lao: matone ya maji juu ya majani laini yasiyo na vinyweleo hayakuyaunguza, hata juani. Tone liko karibu mno na jani kuweza kukusanya mwanga hapo. Asubuhi inabaki kuwa saa nzuri zaidi kwa sababu nyingine: maji hayapotei sana kwa mvuke, na majani hupata muda wa kukauka kabla ya usiku, hivyo ukungu hukosa nafasi. Lakini mmea ambao kweli umekaukiwa usiuache uteseke hadi kesho kwa kuogopa jua. Upe maji chini, kwenye shina.

"Naumwagilia kila siku, hauwezi kuwa na kiu"

Unaweza. Udongo wa debe ukikauka sana husinyaa na kuachana na kuta za chombo, na maji unayomimina hupita pembeni yakatokea chini bila kugusa mizizi. Lizamishe debe kwenye beseni la maji kwa nusu saa mpaka viputo viishe, kisha liache lichuje vizuri.

"Utie mbolea uinuke"

Hili linaniuma zaidi kwa sababu hufanywa kwa mapenzi. Mbolea ya chumvichumvi, iwe yurea au NPK, huongeza chumvi udongoni, na chumvi ikizidi huyazuia maji yasiingie mizizini. Samadi mbichi ya kuku ni kali vilevile. Mmea uliolegea ukitiwa mbolea hupata kiu juu ya ugonjwa, na kingo za majani huanza kuungua rangi ya kahawia. Kama umeshatia, mimina maji mengi safi yapite na kutoka chini, rudia mara mbili tatu, mradi matundu yako wazi. Mbolea isubiri majani mapya.

Kwetu pwani kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni maji ya kisima. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na anayeumwagilia mwasumini kwa maji hayo mwaka mzima anautilia chumvi kidogokidogo bila kujua. Kinga maji ya mvua, uyatumie kwa vyungu kwanza.

"Weka kokoto chini ili maji yatoke"

Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hujikusanya juu ya tabaka hilo, na eneo la majimaji hupanda karibu zaidi na mizizi. Toboa matundu ya kutosha, jaza udongo mzuri kutoka chini hadi juu.

"Umepigwa jicho"

Mgeni kausifu jana, leo umelala. Mwenye imani yake nisimwingilie, ila naomba afukue kidogo kwenye shina kabla ya kuutundikia kitu. Mchwa hula ganda la shina chini ya udongo, pale pasipoonekana, na mmea huonekana umeanguka kwa siku moja ilhali umeliwa kwa wiki. Mizizi ikiwa na vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo, na udongo wa kichanga huwafaa sana. Mmea wa namna hiyo ung'oe na mizizi yake yote, usiwagawie jirani udongo wake, na mwingine upande mahali pengine. Likilegea tawi moja tu na mengine yamesimama, fuata tawi hilo hadi shinani ukitafuta tundu la mdudu au ganda lililopasuka, ulikate chini ya jeraha.

"Umekauka, choma"

Kwaruza ganda kwa ukucha, ukianzia ncha za matawi ukishuka. Penye kijani chini ya ganda pana uhai. Kata yote yaliyokauka mpaka hapo, hata kama kitabaki kisiki cha shubiri moja, na udongo uwe na unyevu bila kulowa. Mwasumini huchipua tena kutoka chini. Wangu wa pili ulikaa wiki tano ukiwa vijiti vitatu vitupu, kisha asubuhi moja nikaona kichipukizi kidogo pembeni ya shina.