Maradhi ya akili si sawa na kutomudu kazi

Kila siasa inapopamba moto hapa Unguja, barazani na kwenye maskani husikika maneno yaleyale: kiongozi fulani ni mgonjwa wa akili, hafai, apelekwe Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Asemaye hivyo huchanganya mambo mawili. Utambuzi wa maradhi ni kauli ya daktari aliyemchunguza mtu, akayapa jina maradhi yake ili ayatibu. Kumudu kazi ni uwezo wa kusikiliza, kupima na kuamua yale ambayo cheo kinamtaka mtu ayaamue.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeitenganisha vyema mipaka hiyo. Ibara ya 37 haisemi kwamba Rais akiugua huondoka madarakani. Inasema kuwa Baraza la Mawaziri likiona hawezi kumudu kazi zake kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili, linaweza kumwomba Jaji Mkuu athibitishe hivyo, naye huteua bodi ya wataalamu wa tiba wasiopungua watatu ili wachunguze. Maradhi ni sababu tu. Linalothibitishwa ni kutomudu. Tena mwili na akili vimewekwa daraja moja, jambo ambalo sisi hatulifanyi, kwani sijapata kumsikia mtu akidai kwamba waziri ajiuzulu kwa kuwa ana kisukari.

Mwaka 1998 Kjell Magne Bondevik, Waziri Mkuu wa Norway, alitangaza hadharani kwamba ameshikwa na sonona, maradhi ya akili ya huzuni nzito, akapumzika kwa wiki chache, akarejea kazini, na mwaka 2001 akawa Waziri Mkuu kwa mara ya pili. Na hata madaktari huteleza: mwaka 1964 nchini Marekani, madaktari 1,189 wa akili waliliambia jarida moja kwamba mgombea urais Barry Goldwater hafai, ilhali hawakumchunguza, hata mwaka 1973 chama chao kikaweka katika maadili ya kazi katazo la kumtolea kauli kama hiyo mtu ambaye daktari hajamchunguza.

Basi ndugu zangu, anayeona kuwa kiongozi hafai ataje kazi iliyomshinda, kikao asichoweza kukiendesha au uamuzi asioweza kuueleza, na jina la maradhi amwachie daktari wake.