Je, wajua kwa nini usumba hauozi matopeni?

Pwani ya Jambiani au Bwejuu, huko Unguja, maji yakitoka, utawaona kina mama wakifukua makumbi ya nazi waliyoyafukia miezi kadhaa nyuma. Tope linalotoka shimoni ni jeusi na linanuka yai viza. Kumbi limelainika, likipigwa gongo linaachia nyuzi. Vya kuoza vimeoza, usumba umebaki mzima, tayari kusokotwa kamba.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu chumvi, ile ile inayohifadhi ng'onda. Jibu hili halifiki mbali. Chumvi hiyo haikuwazuia bakteria kula pektini, kitu kinachozishikanisha nyuzi; ndiyo maana kumbi limelainika. Mikoko iliyokufa nayo husimama katika maji hayo hayo ya chumvi, na kuvu huila. Tena makumbi hulainika hata yakilowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi, na nyuzi hubaki vile vile. Kinachokosekana shimoni ni hewa.

Zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa usumba ni lignini, kitu kigumu kinachoupa mti ugumu wake. Kuivunja kunahitaji oksijeni, na baadhi ya vimeng'enya vya kazi hiyo, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vimebeba shaba. Mashuhuri kati yao ni lakase, ambayo Mjapani Hikorokuro Yoshida aliieleza mwaka 1883 kutokana na utomvu wa mti. Baadaye ikaonekana kwa wingi kwenye kuvu walao miti.

Lakase ina atomi nne za shaba. Ichukulie kama daladala ya viti vinne. Shaba ya kwanza, inayokifanya kimeng'enya kionekane cha buluu, imekaa mlangoni kama konda: inapokea elektroni moja moja kutoka kwenye vipande vya lignini na kuzisukuma ndani, umbali wa kama nanomita 1.3, kwenye shaba tatu zilizokaa pamoja. Gari haiondoki mpaka abiria wanne watimie. Wakitimia, oksijeni inawapokea wote na kugeuka maji. Ingewapokea wawili tu, ingegeuka haidrojeni peroksaidi, ambayo huunguza hata kiumbe aliyekitengeneza kimeng'enya. Pasipo oksijeni, abiria wamejaa na hakuna pa kuwashusha.

Ndiyo hali ya shimoni. Oksijeni huliwa na bakteria wa juu juu, katika milimita chache za mwanzo za tope. Chini yake wanaishi wanaopumua salfeti ya maji ya bahari na kutoa ile gesi ya yai viza. Gesi hiyo hata shaba yenyewe huinasa ikawa madini yasiyoyeyuka, kwa hiyo kinakosekana cha kuendeshea gari na cha kuliundia. Lakini tusiipe lakase sifa zote: kuvu wana vimeng'enya vingine vya lignini vinavyotumia chuma, navyo hatimaye vinategemea oksijeni.

Dhana nyingine, iliyokwama zaidi, ni kwamba kila kimeng'enya cha jamii hii kipo kwa ajili ya kula miti. Lakase ya kwanza ya bakteria iliripotiwa mwaka 1993 kwa Azospirillum lipoferum, anayeishi kwenye mizizi ya mpunga. Tangu hapo watafiti husaka kwenye jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, alama za mahali shaba inaposhikwa: asidi amino aina ya histidini 10 na sisteini 1. Kisha hupanga vimeng'enya wanavyopata kwa idadi ya vipande vilivyojikunja: viwili, vitatu au sita. Chenye sita kimo hata katika damu yetu. Vyenye viwili, kama cha bakteria Streptomyces coelicolor, havitoshi kimoja kimoja. Vitatu hushikana ndipo kazi ifanyike.

Mpangilio huo unakuonyesha viti. Abiria haukuonyeshi. CotA, kimeng'enya cha bakteria Bacillus subtilis, imo kwenye ganda la mbegu zake zilizolala, ikitengeneza rangi ya kahawia. CueO, kimeng'enya cha bakteria Escherichia coli, nayo imebeba shaba, lakini humkinga mwenyewe dhidi ya sumu ya shaba. Mlango wake umezibwa na kipande chenye methionini nyingi (asidi amino nyingine), hivyo vipande vikubwa vya lignini havipiti kirahisi. Wapo na bakteria wa baharini wanaokitumia cha kwao kugeuza manganizi kuwa ganda jeusi. Wote hawa, kwa kuhesabu viti, ni ndugu wa lakase ya kuvu.

Kwa hiyo mtu akichota tope la mkokoni Pemba, akasoma DNA yake na kukuta jeni tele za namna hii, bado hajapata walaji wa lignini. Baadhi zaweza kuwa za mbegu za bakteria zilizolala, zilizosombwa na mvua kutoka kwenye bonde la mpunga huko juu.