Uvimbe wa kongosho si seli za saratani peke yake

Saratani ya kongosho ni kati ya zile zinazowasumbua sana madaktari, na sababu mojawapo ni tishu inayozizunguka seli zenyewe za saratani. Tishu hiyo inaeleweka vibaya, hata na watu waliosoma.

Dhana: Uvimbe wote ni seli za saratani.

Ukweli: Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, ile inayoanzia kwenye vifereji vya kongosho, seli za saratani mara nyingi ndizo chache. Nyuzi za kolajeni (protini ngumu inayoshikiza tishu), seli za kinga na tishu nyingine shikizi zinaweza kufika asilimia 80 ya uvimbe, hata kuzidi. Ndiyo maana uvimbe huu ni mgumu ukiguswa, mishipa yake ya damu imebanwa, na dawa ya dripu hupenya kwa shida.

Dhana: Seli za pembeni hazina hatia, zimekutwa tu hapo.

Ukweli: Kongosho lina seli zenye umbo la nyota. Likiwa zima, seli hizo hutulia zikiwa zimehifadhi vitone vya mafuta yenye vitamini A. Zikichokozwa na jeraha au na saratani, hupoteza vitone hivyo na kuanza kutengeneza kolajeni kwa wingi, kama vile kidonda kisichokoma kuota kovu. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba hutoa pia alanini, aina ya asidi amino, ambayo seli za saratani huitumia kama chakula.

Seli nyota hizi husafiri pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, panya jike walipandikizwa seli za saratani za mwanamke pamoja na seli nyota za mwanamume. Saratani iliposambaa, ndani ya vivimbe vipya zilikutwa seli zenye kromosomu Y, ambayo kwa kawaida huwa ya kiume tu. Hizo hazikuwa za panya wala za saratani: ni seli nyota zilizoifuata saratani hadi ilikohamia.

Dhana: Basi tishu hiyo ifyekwe yote, dawa ipite.

Ukweli: Wazo hili lilijaribiwa kwa matumaini makubwa. Mwaka 2009 panya waliopewa dawa ya kupunguza tishu hiyo pamoja na jemsitabini, dawa ya tibakemia (tiba ya kuua saratani kwa kemikali), waliishi muda mrefu zaidi. Lakini jaribio kwa wagonjwa likasimamishwa mwaka 2012, kwa sababu waliopewa dawa hizo mbili walikuwa na hali mbaya kuliko waliopewa jemsitabini pekee. Inauma, maana wale walikuwa watu waliojitolea wakiwa na muda mchache. Mwaka 2014 tafiti mbili za panya zilitoa mwanga: tishu ilipoondolewa, uvimbe uligeuka mkali zaidi. Kumbe kilichoizuia dawa kuingia kilikuwa pia kinaibana saratani.

Tangu mwaka 2017 tunajua kwamba seli nyota zilizochokozwa zina makundi. Zilizobanana na saratani hufanya kazi ya nyuzi; zilizo mbali kidogo hutoa kemikali za uvimbe-joto, yaani zile zinazofanya mwili uvimbe na kupata joto kama kwenye jeraha. Kwa maoni yangu, njia yenye tumaini ni kuzituliza badala ya kuziua, na London tayari wamejaribu kwa wagonjwa dawa itokanayo na vitamini A, wakiichanganya na tibakemia.

Dhana: Kwa hiyo mgonjwa anywe vidonge vya vitamini A.

Ukweli: Hapana. Dawa ile ilitolewa kwa kipimo maalumu chini ya uangalizi wa madaktari. Vitamini A ikizidi mwilini huumiza ini. Kabla ya kumnunulia mgonjwa kirutubisho chochote, mwulizeni daktari wake.