Milinganyo ya halojeni: sawazisha chaji kabla ya kuhesabu atomu

Ukisahihisha karatasi za kemia za kidato cha tatu hapa Mombasa, mstari huu wa klorini (Cl) kuitoa bromini (Br) hukosi kukutana nao: Cl + KBr → KCl + Br. Atomu zimetimia pande zote mbili, na bado hauna alama. Mwingine anajua kwamba klorini ni Cl₂, lakini akifika kulia anaona atomu moja imepungua, basi anaandika KCl₂ ili hesabu ikae. Huyu hunisikitisha zaidi, maana amebuni chumvi isiyokuwepo duniani.

Wote wawili wameanza kuhesabu kabla fomula hazijatulia. Fomula huamuliwa na chaji. Potasiamu (K) ni +1, kloridi, yaani klorini iliyopata chaji, ni −1, basi ni KCl, hakuna mjadala. Halojeni (florini, klorini, bromini au iodini) ambayo haijaungana na kitu huwa jozi: F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Ni kama viatu vya mitumba pale sokoni Kongowea: hata ukihitaji cha kulia tu, utauziwa vyote viwili. Ukishaandika fomula, usiiguse tena ndani. Namba huwekwa mbele yake tu.

Cl₂ + 2KBr → 2KCl + Br₂

Ile 2 imetoka wapi? Kila atomu ya klorini hunyang'anya ioni ya bromidi elektroni moja. Atomu ni mbili, basi bromidi mbili. Potasiamu haifanyi lolote, kwa hiyo iondoe:

Cl₂ + 2Br⁻ → 2Cl⁻ + Br₂

Hapo hakikisha chaji nazo zinalingana: −2 kushoto, −2 kulia. Wengi huhesabu atomu wakasahau hili.

Alumini ndiyo huwatoa watu jasho, kwa kuwa hushika halojeni tatu ilhali klorini huja mbilimbili. Tatu na mbili hukutana kwenye sita:

2AlBr₃ + 3Cl₂ → 2AlCl₃ + 3Br₂

Lakini kabla ya yote, uliza kama mmenyuko wenyewe upo. Nimeona I₂ + 2KBr → 2KI + Br₂ ikiwa imesawazishwa vizuri kabisa, na haitokei. Nguvu ya kunyang'anya elektroni hupungua ukishuka kundi la halojeni katika jedwali la elementi: klorini huitoa bromini na iodini, bromini huitoa iodini pekee, iodini haimtoi yeyote kati ya hao. Florini iache kando ukishughulika na myeyusho wa maji, kwani huyashambulia maji yenyewe: 2F₂ + 2H₂O → 4HF + O₂.

Na haya si mambo ya ubaoni tu. Mwaka 1826 Mfaransa Antoine Balard alitia klorini katika maji yaliyobaki baada ya chumvi ya bahari kuvunwa Montpellier, akapata kimiminika chekundu chenye harufu kali: bromini. Viwanda hutumia mlinganyo uleule mpaka leo. Bahari hii yetu nayo ina bromidi, takriban miligramu 65 kwa lita, ikiwa imefichwa na gramu 19 hivi za kloridi.

Sasa jaribu klorini na MgI₂. Ukijikuta unaweka 2 mbele ya fomula yoyote, rudi ukaangalie chaji ya magnesiamu.