Mahindi Mafupi ya GMO: Usalama Wake kwa Mlaji Hupimwaje?

Yamefupishwaje?
Aina ya mahindi mafupi ya GMO (yaliyobadilishwa jeni maabara) inayotajwa sana ni MON 94804 ya kampuni ya Bayer. Imeongezewa kipande cha DNA kinachoufanya mmea utengeneze RNA (molekuli jamaa ya DNA) fupi mno. RNA hiyo huzikandamiza jeni mbili za mahindi yenyewe zinazosaidia kutengeneza homoni ya jiberelini. Homoni ikipungua kwenye bua, pingili hubaki fupi na mmea hustahimili upepo. Usidhani kila hindi fupi ni GMO: mengine yamezalishwa kwa uchavushaji na uteuzi wa kawaida tu.

Nikiyala, RNA hiyo haitazima jeni zangu?
Hakuna sababu ya kuhofia hilo. Nyama, mboga na nafaka zote zina RNA, na mahindi ya kawaida nayo yana RNA fupi za namna hii. Asidi ya tumbo na vimeng'enya vya utumbo huzikatakata.

Sasa wachunguzi wa usalama wanapima nini?
Kipande kilichopachikwa hakitengenezi protini mpya, kwa hiyo hakuna protini ya kupima sumu au mzio. Kazi huhamia kwenye DNA: imeingia wapi, nakala ngapi, imekaa nzima, inarithiwa vilevile kizazi baada ya kizazi? Kisha kompyuta huchunguza kama sehemu ile inaweza kusomwa kimakosa ikazaa protini. Kwa kigezo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), ufanano unaozidi 35% na kizio kinachojulikana, yaani protini inayoleta mzio, ndani ya kipande cha asidi amino 80 (viungo vinavyojenga protini), hudai uchunguzi zaidi.

Na lishe?
Mahindi ya GMO hupandwa maeneo kadhaa, bega kwa bega na mahindi ya asili ileile yasiyobadilishwa. Punje hupimwa protini, mafuta, nyuzinyuzi, asidi amino, asidi za mafuta, vitamini, madini, hata asidi fitiki inayopunguza ufyonzwaji wa madini. Hapa ndipo wengi hupotoka. Ukipima viambato vingi kiasi hicho, vichache vitatofautiana kitakwimu kwa bahati tu. Swali la maana ni kama kiwango kimetoka nje ya kile cha aina nyingine za mahindi zinazoliwa siku zote.

Yakipita vipimo hivyo, hayana sumukuvu (sumu za ukungu kama aflatoksini)?
Hilo ni jambo jingine kabisa. Yawe marefu au mafupi, yakaushe hadi unyevu usiozidi 13% kabla ya kuhifadhi, na utupe punje zenye ukungu. Kuchemsha hakuondoi aflatoksini.