Lami ya sakafu ya gari: ni nini, na kuibandua kuna maana gani

Ukitoa viti na zulia la gari, utakuta sakafuni mabaka mazito, meusi au ya kijivu, yameshikana na bati kana kwamba yalizaliwa nalo. Mafundi huyaita lami, na hawajakosea. Ni lami kweli, imechanganywa na unga wa madini na kukatwa vipande kama mikeka. Kiwandani mikeka hiyo hutandazwa juu ya bati kabla bodi haijaingia kwenye tanuri la kukaushia rangi. Joto la tanuri huilainisha, ikalala ikifuata kila bonde na kila mgongo wa bati, kisha ikapoa na kung'ang'ania hapo kwa miaka.

Wengi hudhani lami hii huziba kelele kama ukuta. Hapana. Kuziba na kumeza kelele ni kazi ya zulia na sufi nene iliyo chini yake. Lami inatuliza bati lenyewe. Bati la sakafu ni jembamba, na injini na matairi vikilitikisa huwa ngoma. Kwa kuwa lami inanata na kunyumbuka, hukokotwa huku na huko pamoja na bati, na nguvu ya mtetemo huishia ndani yake ikiwa joto dogo mno, hata mkono hauwezi kulihisi. Gonga bati tupu kwa kifundo cha kidole: litalia, na mlio utabaki ukivuma. Sogea upige palipo na lami: du, basi. Ndiyo maana kiwanda hakifuniki sakafu nzima. Vipande vikikaa katikati ya maeneo mapana, bati limeshatulia.

Kwa nini basi mtu abandue kitu chenye faida hivyo? Sababu kubwa ni kutu. Maji yanayopenya kwenye raba za milango au kioo cha mbele hujipenyeza chini ya lami iliyoinuka ukingo, na yakishaingia hayakauki upesi. Nimewahi kubandua kipande ambacho juu kilionekana kizima kabisa. Chini yake bati lilikuwa unga wa kahawia, kidole kikapita hadi nje. Sababu ya pili ni kuchomelea. Lami inashika moto na moshi wake ni mbaya, hivyo lazima iondoke kwanza, upande wa ndani hata kama unachomelea kwa chini. Wapo pia wanaoibandua kupunguza uzito. Kwa gari la mashindano, sawa. Kwa gari la kila siku, utaokoa kilo chache na kununua makelele.

Kosa la kawaida ni kuipasha moto. Lami yenye joto huwa kama ubani uliotafunwa: inanyooka, inapaka zana, inapaka nguo, na nusu yake inabaki kwenye bati. Ukitaka iachie, ipoze. Barafu kavu, yaani kabonidioksidi iliyoganda, ina baridi ya nyuzi 78 hivi chini ya sifuri. Isage, itandaze juu ya lami na uiache dakika kama 10 au 15. Utasikia lami ikikatika yenyewe, ta, ta, kwa sababu inasinyaa kuliko chuma na imeshapoteza unyumbufu. Gonga kwa nyundo polepole. Itapasuka kama kigae na kuinuka vipande vikavu.

Hapa naomba usikilize vizuri. Barafu hiyo huunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu nene. Ikiyeyuka inakuwa gesi nzito kuliko hewa, na gesi hiyo hutuama sakafuni, palepale unapoinamia. Fanyia kazi nje, milango yote wazi, na kamwe usiifungie barafu kavu kwenye chombo kisichopumua, kitapasuka. Kwa magari ya zamani kuna jambo jingine: baadhi ya lami zao zilitiwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usizisage wala kuzipiga msasa. Kama una shaka, ipimwe kwanza.

Kabla ya kutoa viti, chomoa betri na usubiri kidogo, maana nyaya za mifuko ya hewa, ile inayofumuka kukukinga gari likigonga, hupita chini ya viti. Pia usichanganye lami na ukanda wa silanti uliopakwa kwenye maungio ya mabati. Ukanda huo unazuia maji. Ukiung'oa, umeyafungulia mlango.

Mabaki membamba hufutika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto. Baadaye osha kwa maji ya sabuni, la sivyo rangi haitashika. Palipobaki chuma kitupu, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga kutu, siku hiyohiyo. Rangi ikikauka kabisa, bandika vipande vipya vya butili, aina ya mpira unaonata, vyenye karatasi ya alumini juu, na uvikandamize kwa rola mpaka hewa yote itoke chini yake.